Gari la mkate likiziba njia, tusimlaumu dereva peke yake

Saa moja na nusu asubuhi, Voi mjini. Gari la mkate limesimama mbele ya duka langu, magurudumu mawili juu ya ukingo wa mtaro na mawili barabarani. Nyuma yake kuna Canter ya soda inayongojea nafasi hiyo hiyo. Ng'ambo ya barabara, pikapu ya mboga kutoka Wundanyi imepaki mdomo nje na taniboi anapiga mluzi akimwelekeza dereva arudi nyuma. Katikati pamebaki upenyo wa tuktuk moja, na humo ndimo wanamopita boda, mikokoteni, watoto wa shule na mimi na ndoo yangu ya maji. Honi kila upande. Na kila mtu anamtukana dereva wa mkate.

Hata mimi nilikuwa namtukana, mpaka siku moja nikaamua kushika saa. Nilikuwa na hasira, nikataka niwe na ushahidi wa kumwonyesha. Kushusha kreti zangu na kuhesabu mikate kulichukua dakika 9. Gari likaondoka baada ya dakika 35. Nikajiuliza, hizo dakika 26 nyingine zimeenda wapi, na jibu lake likaniaibisha kidogo. Zilikuwa zimeenda kwa pesa.

Iko hivi. Mimi hulipa kwa till. Nikishalipa, ujumbe unaingia kwenye simu yangu, na ujumbe mwingine unaingia kwenye simu ya bosi mwenye gari, ambaye yuko Mombasa, kama kilomita 150 kutoka hapa. Dereva aliye mbele yangu hapati chochote. Nikimwonyesha ujumbe wangu anacheka tu, "Mama, ujumbe hata mtoto anaweza kuandika." Hana makosa, maana ashawahi kuonyeshwa ujumbe wa uongo na kukatwa mshahara. Kwa hiyo anampigia bosi. Bosi yuko kwenye simu nyingine. Anampigia tena. Hapatikani. Injini inanguruma, jua la Voi linapanda, Canter ya soda inapiga honi, na gari lililomaliza kushusha mzigo zamani limekaa pale likingoja mtu wa Mombasa aseme "imeingia".

Ndiyo maana nasema shida ya kupaki gari za mizigo mjini kwetu si ya nafasi peke yake. Nafasi ni finyu, sikatai. Lakini muda mwingi ambao gari linaziba njia haliko kazini. Linasubiri pesa, au risiti, au askari wa kaunti amalize maneno yake. Na hayo ni mambo ambayo mimi na wewe tunayagusa kila siku kwa vidole vyetu kwenye simu.

Kwanza tuuelewe mji wenyewe. Voi ni mji wa reli. Ulikua pembeni ya stesheni ya reli ya zamani, na mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Waingereza likaanza kujenga kutoka hapa tawi la reli la kwenda Maktau na Taveta. Kwa hiyo mzigo ulikuwa ukishukia stesheni na kuzunguka mjini kwa mkokoteni. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja kila duka litataka lori lake mlangoni. Sasa tazama leo. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita ubavuni mwetu. Lami imefika Taveta, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na pale mpakani kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kilifunguliwa 2016. Treni ya abiria ya SGR inasimama Voi tangu 2017. Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, ndizi, vitunguu na nyanya hupanda magari kuja huku na kuteremka hadi Pwani. Biashara imekuwa, na tunashukuru. Ila mitaa yetu haijaongezeka upana hata kwa futi moja.

Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui, na madereva ndio wanaolilipia. Barabara kuu ni ya serikali ya kitaifa, iko chini ya KeNHA. Ukikata kona kuingia mjini, uko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka trafiki na maegesho kuwa kazi ya kaunti, pamoja na barabara za kaunti na taa zake. Kwa hiyo dereva anaweza kufukuzwa kando ya barabara kuu kwa sababu haparuhusiwi kushusha mzigo, akaingia mjini akakuta hakuna alama yoyote inayomwambia pa kushushia, akasimama mbele ya duka, na papo hapo akadaiwa ada ya maegesho. Anauliza, "Sasa maegesho yenyewe yako wapi?" Swali zuri tu.

Sasa tuje kwenye hiyo ada, maana hapa ndipo nina maneno.

Katika miji mingi ya Kenya ada ya maegesho ni ya siku nzima. Umesimama dakika 10 au umeshinda mpaka jua kuzama, bei ni ile ile. Kwa mtu wa gari dogo anayeingia ofisini asubuhi, hiyo ni nafuu. Kwa gari la kusambaza mkate, maziwa au gesi, ni kinyume kabisa. Huyu ana maduka mengi kwa asubuhi moja, na akitoka Voi anaenda Mwatate, halafu labda Wundanyi. Hahitaji siku nzima popote. Anahitaji dakika 15 mara nyingi. Ukimlipisha siku nzima unamfundisha tabia mbili mbaya. Ya kwanza, kukwepa: anasimama katikati ya barabara injini ikiwaka, taniboi anakimbia na kreti, ili askari akitokea aseme "nilikuwa naondoka". Ya pili, kujilipa: akishatoa pesa ya siku nzima anasema basi nimenunua hapa, anazima gari, anaenda kunywa chai na mahamri.

Ada ya siku nzima ilikuwa na sababu yake enzi za kitabu cha risiti na begi la sarafu. Askari mmoja angewezaje kukusanya shilingi 20 za nusu saa kwa kila gari, arudishe chenji, aandike saa ya kuingia na ya kutoka? Ingekuwa vurugu. Lakini M-Pesa ilianza 2007, na leo tunalipa hata bamia za shilingi 20 kwa simu. Simu inajua saa. Simu haihitaji chenji. Kile kilichofanya ada ya siku nzima iwe lazima kimeondoka, ada yenyewe imebaki. Nairobi wamelipisha maegesho kwa simu tangu 2014, na bado gari likiegeshwa pembeni mwa barabara za katikati ya jiji linalipia siku nzima. Walihamisha pesa kutoka mfukoni hadi kwenye simu, fikra zikabaki kwenye kitabu cha risiti.

Ninachotaka mimi ni ada ya muda mfupi kwa gari za mizigo. Nusu saa, ilipwe kwa simu, kwa bei ambayo dereva hataona haja ya kuikimbia. Na ikiisha, akae kwa bei kali. Pia nataka sehemu chache zilizopakwa rangi, mbili au tatu kwa kila mtaa wa maduka, ziwe za kushusha mzigo mpaka saa tatu asubuhi, kisha ziwe za kila mtu. Rangi si ghali. Hata ndoo moja ya rangi ya njano ingepunguza matusi pale mbele ya duka langu.

Najua kuna watakaosema mapato ya kaunti yatashuka. Siamini. Gari moja likikaa siku nzima, nafasi hiyo imelipiwa mara moja. Yakipita magari sita ya nusu nusu saa, imelipiwa mara sita, na wale waliokuwa wanakwepa sasa wanaona afadhali walipe. Wengine watasema makato ya kutuma yatakula ada ndogo. Hilo ni la kweli na lisipuuzwe. Makato ya Paybill hutegemea nani amekubali kuyabeba, mlipaji au mpokeaji, au wagawane. Kaunti ikiweka ada ya muda mfupi halafu imbebeshe dereva makato, atarudi kukimbia. Ibebe yenyewe. Ilikuwa inabeba gharama ya kuchapa vitabu vya risiti, na ile nyingine ya pesa zilizokuwa zinapotea njiani, ambayo hakuna anayeiandika.

Halafu kuna mtandao. Mvua ikinyesha milimani mtandao unayumba, na hakuna dereva anayestahili kufungwa mnyororo kwa sababu mnara umelala. Hapo sina jibu zuri zaidi ya hili: aliyejaribu kulipa na akashindwa apewe muda, askari aandike nambari ya gari na saa, alipe mtandao ukirudi. Inahitaji uaminifu, na uaminifu kati ya dereva na askari kwa sasa ni haba kama mvua ya Januari.

Nisikimbilie kaunti tu. Mwaka jana hamali mmoja ambaye tumemzoea hapa mtaani alikuwa ananiletea gunia la sukari la kilo 50. Lori lilikuwa limesimama ng'ambo kwa sababu upande wangu palikuwa pamejaa. Akavuka na mzigo begani. Boda ikatokea nyuma ya gari lililosimama, haikumwona, naye hakuiona. Mguu ukavunjika. Tulimchangia kwa simu, mwenye 100, mwenye 500, na ile orodha ya ujumbe bado ninayo. Gari lililoziba macho ya yule kijana wa boda lilikuwa limemaliza kushusha mzigo. Lilikuwa linasubiri mwenye duka wa jirani atafute pesa. Angeweza kuwa mimi. Siku nyingi nimekuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kulipa, na naomba wenye maduka wenzangu mjaribu. Usiku, nikifunga hesabu, natuma oda ya mkate ya kesho na nalipa papo hapo kwa till ya msambazaji. Bosi anauona ujumbe akiwa ametulia nyumbani, anamwandikia dereva orodha ya waliolipa kabla gari halijatoka. Asubuhi dereva anashusha, tunahesabu pamoja, anaondoka. Mikate ikipungua au ikiwa imebonyea, tunaandika kwenye karatasi, tunasaini wote wawili, na inakatwa kwenye oda ya siku inayofuata. Mwanzoni niliogopa. Nilipe kabla sijaona mzigo? Lakini huyu mtu nafanya naye biashara miaka. Kwa msambazaji nisiyemjua singefanya hivyo, na wewe usifanye.

Maana wezi nao wanasoma mambo haya. Mchezo wao mmoja ni kukupigia jioni na kusema, "Mama, till yetu imebadilika, tumia hii mpya." Usitume. Kata simu, piga ile nambari ya zamani unayoijua, uliza. Na kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama siku zote ni jina la kampuni na leo ni jina la mtu, simama hapo hapo. Vivyo hivyo dereva akikwambia, "Nitumie kwa laini yangu nitampa bosi." Labda ni mtu mwema kabisa. Lakini pesa ikiingia kwenye laini yake na bosi akasema hajaiona, mtagombana watu watatu na mkate mshauza.

Kwa nyinyi mabosi mlio Mombasa, Nairobi au hapo Mwatate, kuna jambo dogo litakalomwokoa dereva wenu. Muulize mtoa huduma wako kama till yako inaweza kupeleka taarifa ya malipo kwenye simu ya pili, ya msaidizi, ambaye anaona kilichoingia bila uwezo wa kukitoa. Till nyingi za biashara zina uwezo huo, ni wenyewe tu hawajauliza. Dereva akiona mwenyewe kwamba imeingia, hana sababu ya kusimama na kukupigia mara saba huku ukiwa kanisani. Wengine mnaogopa dereva ajue biashara inaingiza kiasi gani. Jamani, ndiye anayebeba mzigo. Anajua tayari.

Na nyinyi madereva. Mkilipa ada ya maegesho kwa Paybill, mara nyingi nambari ya akaunti ni nambari ya gari. Iandikeni polepole. Kijana mmoja ninayemjua alikuwa na haraka katika mji mmoja wa barabara kuu, akabonyeza B badala ya D. Akawa amelipia gari la mtu mwingine. Alipotoka kula akakuta mnyororo gurudumuni, nyanya za watu zinachemka nyuma, na ujumbe wake wa malipo ulikuwa wa kweli ila si wa gari lake. Mpaka mambo yakanyooka ilikuwa alasiri na nusu ya nyanya zimekuwa sosi. Huo ujumbe usiufute, mpaka wiki ipite. Ukiombwa "kulipa kidogo hapa tuyamalize" kwa nambari ya mtu, kumbuka Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa bila sheria. Ada ya halali ina sheria yake ya fedha, ina Paybill ya kaunti, na ina risiti. Kwa wanaovuka Holili, mmeona upande wa pili: ushuru wa maegesho hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotoka kwenye mfumo wa serikali, ile wanayoiita kontroli namba. Hautumwi kwenye laini ya mtu. Hilo tungeweza kuliiga bila kuona haya.

Kila mwaka kaunti huandaa mswada wa fedha, na kabla haujapita wananchi huitwa kutoa maoni. Humo ndimo ada hizi huandikwa, mstari kwa mstari: pikapu kiasi gani, Canter kiasi gani, lori la tani 7 kiasi gani. Tangazo likitoka, wenye maduka wengi tunasema tuna kazi. Tunarudi kulalamika ada ikishakuwa sheria. Safari hii mimi nitaenda, na nitaomba mstari mmoja uongezwe: gari la kusambaza bidhaa, nusu saa. Nikipata wenye maduka watano wa kuja nami, na madereva wawili wa kueleza wenyewe yanayowakuta, itakuwa bora kuliko mimi kusimama pale peke yangu kama mshitaki wa gari la mkate.

Kuhusu gari lenyewe, jana nilishika saa tena. Dakika 12, pamoja na salamu. La soda bado lilikaa dakika 40, mwenye Canter hataki kusikia habari za kulipwa usiku, anasema pesa ya giza ina mikosi. Leo jioni nitampigia tena.